Korti ya Makoti Matano

Khavere hakuingia darasani hata siku moja, lakini hapo Majengo ya Nyeri hakuna aliyemshinda kwa habari. Ukimuuliza kwa nini Mlima Kenya hujifunika wingu, alikwambia mlima unapika, na mpishi mwenye akili hufunika sufuria. Ukimuuliza marehemu mumewe, Konstebo Inyangala, alikuwa mtu wa namna gani, alikwambia alikuwa mrefu hata kofia yake ilinyeshewa kabla ya viatu vyake kujua kuna mvua. Watu walicheka, wakanunua githeri yake ya mahindi na maharage, wakaondoka wameshiba pande zote mbili, tumbo na masikio.

Alikuwa ametoka Umaragoli akiwa mke mchanga, akiwa amebeba sufuria moja na hofu ya baridi. Konstebo akampangia chumba cha mwisho kwenye ploti ya vyumba vya kupanga karibu na msikiti, kile ambacho mlango wake unatazama mfereji wa maji na njia ya sokoni. Humo ndimo alimozalia binti yake Mmbone. Humo ndimo alimofiwa na mumewe, mwaka uleule bendera ilipobadilishwa. Majirani walidhani atafunga mizigo arudi kwao. Yeye alitoa mafiga matatu nje ya mlango, akainjika mahindi, akaita wateja. Kodi alilipa mapema kuliko wanaume wa ploti nzima, kwa hiyo hapo hakuna la kuzungumza.

Basi Uhuru ulipofikia umri wa mtoto wa kuanza shule, likatokea jambo kwenye redio.

Redio yenyewe ilikuwa ya Mzee Ogutu, koplo mstaafu wa polisi, Mjaluo mpana wa kifua ambaye Majengo yote ilimwita Afande. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba akisafisha koo hapo Nyeri, madereva wa malori Sagana walikanyaga breki. Hivyo ndivyo Khavere alivyosema, na hakuna aliyewahi kwenda Sagana kuhakikisha. Jioni hiyo Ogutu alikuwa ameweka redio dirishani, watu wamekusanyika nje, na mtangazaji akasema kwamba huko Ulaya kuna korti ya haki za binadamu. Kila taifa hutoa jaji mmoja. Wanakaa meza moja. Na mtu mdogo, asiye na mbele wala nyuma, anaweza kulalamika juu ya serikali yake mwenyewe akasikizwa.

"Serikali yake?" akauliza mtu.

"Yake mwenyewe," akajibu Ogutu, kana kwamba ni yeye aliyeianzisha korti hiyo. Kisha akazima redio ili betri zisiishe, akatazama watu. "Sasa niambieni. Hapa Majengo tuko na mataifa mangapi? Si tunaweza kuwa na yetu?"

Wazo likapendwa. Wajaluo wakamtoa Ogutu mwenyewe. Wakamba wakamtoa Munyao, aliyekuwa mlinzi wa seli. Waluhya wakamtoa Dishon, dereva wa lori la polisi. Wasomali wakamtoa Kulmiye, aliyefuata nyayo za wezi wa mifugo juu ya farasi wa polisi. Wagikuyu wakamtoa Gatimu, askari wa chifu tangu zamani, ambaye pia ndiye aliyekuwa akizunguka Majengo kutangaza habari. Ukiwatazama kwa mbali ungesema dunia nzima imeketi kwenye benchi. Ukisogea karibu uliona kitu kingine. Wote walikaa magoti yamebanana, mikono juu ya magoti, kila mmoja ndani ya koti zito lenye vifungo vya kung'aa: polisi, polisi, polisi, polisi na askari wa chifu.

Kesi za kwanza zilikwisha upesi mno. Mtu akifika mbele yao, aliagizwa kitu kimoja kabla hajafungua mdomo: vua viatu, vua mshipi, chuchumaa. Mshtakiwa avue, mshtaki avue, shahidi avue. Mama mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kuku wake ameibwa alichuchumazwa akaulizwa alikuwa wapi wakati kuku wake anaibwa, na kwa nini hakuwa nyumbani, na nani anaweza kuthibitisha. Akaenda zake akiwa ameonywa vikali asirudie.

"Asirudie nini?" Khavere alimuuliza alipopita kwenye sufuria yake.

"Hata mimi sijui, Mama Mmbone," yule mama akasema. "Lakini sirudii."

Khavere alicheka mpaka akashika ukuta. Hakujua kwamba ukuta huohuo ulikuwa njiani kuondoka.

Aliyeutaka alikuwa Ngatia, msimamizi wa ploti. Mwenye ploti aliishi mbali, akamwachia Ngatia funguo na kiburi. Ngatia alikuwa ameota hoteli: chai, mkate, meza za mbao, na mlango unaotazama njia ya sokoni. Mlango wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Akaenda kortini akavua viatu kwa hiari yake, akachuchumaa vizuri kabisa, akasema: chumba kile alipewa Konstebo Inyangala. Konstebo hayupo. Mwanamke yule alikuja kama mzigo wa Konstebo. Chumba kirudi.

Khavere naye akaitwa. Akakataa kuvua viatu kwa sababu hakuwa amevaa.

"Nani alikupa ruhusa ya kukaa hapo?" akauliza Ogutu.

"Mume wangu, Afande."

"Yuko wapi?"

"Si ulimzika mwenyewe? Ulibeba jeneza upande wa miguu, ukalalamika ni zito."

"Jibu swali. Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kwa hiyo aliyekupa ruhusa hayupo," akasema Munyao.

"Na ruhusa haipo," akasema Kulmiye.

"Anakaa bira ruhusa," akasema Gatimu.

Khavere akamgeukia Dishon, Mluhya mwenzake, mtu aliyekula githeri yake kila siku ya Mungu. Dishon akatazama vifungo vya koti lake. Aliogopa sana kuonekana anampendelea mtu wa kwao, hata akapitiliza. "Atoke mwisho wa mwezi," akasema, "na mafiga ayatoe leo."

Wakakubaliana wote watano kwa kutikisa vichwa mara moja, kama kondoo waliosikia mlango wa zizi.

Khavere alirudi akakaa kwenye kizingiti chake. Mmbone, ambaye sasa alikuwa msichana wa kutumwa sokoni peke yake, akamuuliza, "Mama, wamesemaje?"

"Hawajasema. Amesema."

"Nani?"

"Mmoja tu. Nimehukumiwa na mtu mmoja aliyevaa makoti matano." Akakaa kimya, jambo ambalo Mmbone hakuwahi kuliona. Hapo ndipo msichana alipojua mama yake anaogopa. Kwao Umaragoli nyumba ya Konstebo ilikuwa imeshachukuliwa na shemeji. Hapakuwa na chumba kingine chenye njia ya wateja mbele, na bila wateja hapakuwa na kitu. Aliusugua mlango kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Kisha akasimama, akapangusa pua, akaenda kumtafuta Ogutu.

Alimkuta kwenye kibanda cha chai akipuliza kikombe. "Afande," akasema kwa sauti ya mtu anayeleta msiba, "nimekuja kukuonya. Mtachekwa."

"Na nani?"

"Na korti ya Ulaya. Si unajua binamu yangu anafagia hapo?"

Ogutu akaweka kikombe chini. Hakujua, na wala Khavere hakuwa anajua mpaka alipofika kwenye kibanda.

"Binamu yako yuko Ulaya?"

"Anafagia chini ya meza yenyewe. Anajua viatu vya majaji wote. Anasema wakisikia mahali pengine kuna korti ya polisi watupu, wanashika mbavu. Kwao, Afande, si mataifa peke yake yanayochanganywa. Kazi pia. Huyu alikuwa hakimu tangu nywele zake nyeusi. Huyu alikuwa wakili wa watu wasio na kitu. Huyu ni profesa, kitabu kimempinda mgongo. Huyu alikuwa balozi. Na mwisho wa meza," akainama karibu na sikio lake, "kuna mkunga."

"Mkunga!"

"Kesi ikikwama, nani ataivuta?"

Ogutu hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa Kasyoka, mwalimu wa shule ya msingi, Mkamba mwenye miwani na subira, mtu pekee wa mtaani aliyesoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Akamuuliza kama ni kweli.

"Ya mkunga sijaisoma popote," akasema Kasyoka. "Lakini mahakimu, mawakili, maprofesa, watu waliowahi kuwa mabalozi, hao wapo. Na kuna sababu, Mzee. Balozi anajua serikali ikidanganya inatumia maneno gani. Profesa anajua sheria inasema nini. Wakili anajua mtu mdogo anaumia wapi. Wakiwa wa kazi moja wote, wataona upande mmoja wote."

"Na polisi? Polisi anakaa wapi?"

Kasyoka akavua miwani, akaifuta. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Mwalimu, nimekuuliza."

"Polisi, Afande, kwenye korti za namna hiyo, mara nyingi anakuwa upande ule mwingine. Ule wa kushtakiwa."

Maneno hayo yalimchoma Ogutu kuliko risasi. Alitembea Majengo nzima bila kuitikia salamu. Jioni akaamua: korti ivunjwe, ichaguliwe upya mbele ya watu, kila kazi itoe mtu wake, ili ionekane wazi kwamba hata wakipigiwa kura na wote, polisi anastahili kukaa hapo. Na kesi ya Khavere ndiyo ianze, maana ndiyo iliyoleta maneno. Akamtuma Gatimu akatangaze.

Sasa hapa ni lazima mtu amfahamu Gatimu. Ulimi wake, kama ndimi nyingi za chini ya mlima, haukuwa na nafasi ya L. Kila L iliyoingia mdomoni mwake ilitoka R. Aliomba "maji ya kunawa kabra ya kura nyama." Alisema mtoto "anarara." Majengo ilikwisha kumzoea; masikio ya watu yalimsahihisha yenyewe, bila wao kujua. Gatimu akisema kura, watu walisikia kula, kwa sababu tangu wamjue hakuwahi kumaanisha kitu kingine.

Akapita uchochoro baada ya uchochoro, mikono mdomoni: "Jumamosi! Karibu na mfereji! Kira mtu aje! Akina mama, mafundi, wachuuzi, wote! Jumamosi ni kura! Kura!"

Siku moja maishani mwake Gatimu alilitamka neno sawasawa, na siku hiyohiyo mtaa mzima ukamsahihisha.

"Nani anatoa chakula?" wakaulizana.

"Afande. Si ndiye amemtuma?"

"Afande! Yule aliyegawa embe moja kwa watu saba?"

"Pengine amestaafu uchoyo pia."

Khavere alisikia hayo yote akiwa amesimama juu ya sufuria yake. Yeye alijua vizuri ni kura gani, kwa sababu Ogutu alikwisha kumpa habari. Angeweza kusema neno moja tu kuwanyoosha. Alifungua mdomo. Akaufunga. Alikumbuka kwamba siku ya kuchagua majaji wale watano walikuja wanaume tupu, waliokaa bila kazi, wenye makoti. Wauza maziwa hawakuja. Mafundi hawakuja. Akina mama walikuwa mferejini. Kwa kura hawaji. Kwa kula je?

Akamshika jirani mkono. "Mmesikia? Jumamosi. Lakini mzee wa watu hana mpishi. Kila mtu alete mahindi kidogo na njahi kidogo, mimi nitapika."

Wakaleta. Ilipofika Jumamosi, Khavere aliazima pipa la kuchemshia nguo, akalisugua mpaka likaona haya, akapika githeri ya mahindi meupe na njahi, yale maharage meusi ya mlimani. Harufu ilikuwa nzuri, yeye husema, hata abiria wa Kutus waliteremka kwenye basi wakidhani wamefika kwao.

Ogutu akatokea na koti lake, akakuta umati ambao hakuwahi kuuona tangu siku ya bendera. Kifua kikafura. "Wananchi!" akanguruma. "Nimefurahi kuona mnapenda haki!"

Kila mwananchi alikuwa na sahani. Wengine walikuwa na kijiko. Mama mmoja alikuwa na beseni.

"Hizo sahani ni za nini?"

"Za kula, Afande."

"Leo ni kura!"

"Ndiyo, kula. Tumekuja."

"Kura! Ya kuchagua!"

"Hata tukichagua, tutachagua nini na ni githeri peke yake?"

Ogutu akamgeukia Gatimu. "Wewe uliwaambia nini?"

"Nirisema urivyonituma," akasema Gatimu, ameumia kweli. "Nirisema kura. Siyo kura, kura!"

Umati ukaanza kunung'unika, na ungetawanyika kama Khavere hangepanda juu ya jiwe la kufulia akiwa na mwiko mkononi. "Ndugu zangu! Chakula kipo, mnakinusa. Lakini hapa kijiko hakiingii mdomoni kabla ya kuchagua majaji. Kila kazi itoe mtu wake. Mkichagua haraka mtakula kikiwa moto."

Hakuna uchaguzi uliowahi kwenda mbio kama ule. Akina mama wakapaza sauti kwa Cucu Murugi, mkunga wa Majengo, ajuza mdogo aliyewapokea duniani nusu ya watu waliokuwepo na kuwakumbusha kila mara. Mafundi wakamtoa Wamae, seremala wa milango na majeneza, aliyekuwa na tabia ya kumtazama mtu kutoka utosini hadi kidoleni, akihesabu mbao kimoyomoyo. Wafanyabiashara wakamtoa Abdille, Msomali wa Nanyuki aliyeteremka kila wiki na ng'ombe. Walimu wakamtoa Kasyoka. Ilipofika kwa polisi, watu wakatazama sahani zao. Ogutu akatazama mbele. Akavuta koti.

"Na Afande," akasema Khavere. "Lazima awepo mmoja anayejua kupiga filimbi."

Watu wakacheka, mikono ikapanda. Ogutu akaketi. Ndivyo kazi tano zilivyopata benchi moja, na Majengo ikapakuliwa.

Kesi ikasikizwa watu wakitafuna. Ogutu akaanza kwa mazoea: "Mshtaki, vua via..."

"Aache na viatu vyake," akasema Cucu Murugi. "Mimi nikiwa kazini watu huvua vitu vingine, na bado sioni kama inasaidia ukweli."

Ngatia akaeleza. Kasyoka akamrudisha nyuma mara kadhaa amalize sentensi alizozianza. Wamae hakumsikiliza kabisa. Alikwenda kuupima mlango wa Khavere kwa shubiri, akarudi na kusema ni mlango mzuri, unafaa hoteli.

"Umeanza kutengeneza meza zake?" Cucu Murugi akamuuliza.

"Meza gani?"

"Za hoteli ya Ngatia. Nimeona mbao nje ya karakana yako, na wewe hujawahi kununua mbao kabla mtu hajafa."

Umati ukapiga sahani kwa vijiko. Wamae akasema mbao ni mbao.

Abdille akazungumza polepole, akipitisha kidole kwenye ndevu zilizopakwa hina. "Mimi ninauza ng'ombe. Ng'ombe akiwa na ndama..."

"Mimi ni ng'ombe, Mzee Abdille?" Khavere akashika kiuno.

"Subiri, mama, sijafika."

"Fika upesi basi."

"Nimeacha ng'ombe. Nasema hivi. Kwetu, watu wa kuhama, nyumba ni ya mwanamke. Yeye huifuma, yeye huisimamisha, siku ya kuhama yeye huipakia juu ya ngamia. Mwanamume ni mgeni ndani yake, hata kama ana ndevu. Akifa tunalia. Lakini nyumba haijui kama amekufa. Inasimama, kwa sababu mwenye nyumba yupo."

"Hapa si kwa ngamia," akasema Ngatia. "Hapa ni ploti."

"Nimeona," akasema Abdille. "Ngamia angekuwa na adabu zaidi."

Kasyoka akaongea mwisho, na hakumfurahisha mtu. Alisema anampenda Mama Mmbone, lakini chumba kilipangishwa kwa jina la mtu mmoja, na korti ikianza kutazama sura, kesho itatazama sura isiyopendeza. Khavere akamkata jicho. Hata hivyo moyoni alijua mwalimu amesema anachokiamini, na si kama Wamae.

Kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kupigia kura, walichota kwenye githeri. Kila jaji akapewa punje moja ya mahindi na njahi moja. Sahani tupu ikawekwa katikati, watu wote wakiiona. Njahi, Khavere abaki. Hindi, atoke.

Murugi akaweka njahi. "Nilimzalisha pale ndani," akasema. "Mvua ilikuwa inaingia na alikuwa ananisimulia hekaya katikati ya uchungu. Kondo la Mmbone limefukiwa nyuma ya ukuta ule. Ngatia anataka kuchemshia watu chai juu yake."

Wamae akaweka hindi, macho mawinguni.

Abdille akaweka njahi.

Kasyoka akaweka hindi, taratibu, akatazama pembeni.

Mbili kwa mbili. Vijiko vikaacha kulia. Khavere alikuwa amesimama kando ya pipa na mwiko wake, na kwa mara ya pili Mmbone akaona mdomo wa mama yake umekosa kazi. Msichana akamshika nguo kwa nyuma.

Ogutu alikuwa na punje mbili kwenye kiganja. Alizitazama. Alimtazama Khavere, akautazama mlango, akayatazama mafiga matatu meusi ambayo Dishon aliagiza yatolewe na hayakutolewa. Alikaa hivyo muda mrefu, akiwa amezama mahali fulani peke yake. Na akiwa huko, mkono wake, ambao tangu asubuhi haukupewa sahani, ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.

Akatafuna. Akameza.

"Wuui!" akapiga kelele mama wa beseni. "Amekula kura!"

Pakawa vurugu. Ogutu akafungua kiganja: lilibaki hindi, jeupe, peke yake.

Ngatia akaruka. "Hiyo! Hiyo iliyobaki ndiyo kura yake! Hindi! Atoke!"

"Wapi!" akasema Khavere, ulimi umemrudia. "Gatimu, njoo hapa baba. Ulitangaza leo ni nini?"

"Kura," akasema Gatimu kwa uangalifu mkubwa.

"Kula au kura?"

"Si ndiyo hiyo moja! Nimesema tangu asubuhi! Kura!"

"Mmesikia? Ni moja. Aliyokula ndiyo aliyopiga. Amekula njahi, amepiga njahi. Kama mnataka kuhakikisha, Cucu Murugi anajua kutoa kitu tumboni."

Watu walicheka hata wakamwaga mchuzi. Lakini Kasyoka akanyoosha mkono, akasema mzaha hauwezi kuwa hukumu. Mzee mwenyewe aseme alikuwa amekusudia nini.

Ogutu akasimama. Akafungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo Majengo haikuwahi kuliona.

"Kazi yangu ilikuwa kutoa watu majumbani," akasema, na sauti ile ya kusimamisha malori ilikuwa imeshuka ikawa ya mtu wa kawaida. "Kabla ya Uhuru nilitoa, baada ya Uhuru nilitoa. Nimewatoa wengi. Na ninajua kitu ambacho nyinyi hamjui. Mtu akiambiwa toka, habebi kitanda kwanza. Habebi blanketi. Anabeba sufuria. Anaikumbatia hivi, bado ina moto, na anasimama nayo barabarani kwa sababu hajui ataiinjika wapi. Mimi nilikuwa nasema, haraka, haraka." Akalitazama pipa. "Siku ile tulipokaa sisi watano, nilikumbuka sufuria hizo. Sikusema. Ningesema mbele ya nani? Wote tulizisimamia. Leo nimekaa na mkunga na mchuuzi wa ng'ombe, nikaona aibu imepata mahali pa kukaa. Sikujua nakula. Lakini mkono umejua. Nimepiga njahi."

Hakuna aliyecheka. Hata Dishon, aliyekuwa nyuma ya umati, alikuwa amevua koti akalikunja chini ya kwapa.

Halafu Khavere akaharibu heshima yote hiyo kwa kumjazia Ogutu sahani mpaka ikamwagika. "Kula sasa, Afande," akasema, macho yamelowa. "Hiyo nyingine haihesabiwi."

Ngatia alifungua hoteli yake upande wa pili, mlango unaotazama choo, na wateja walikuwa wachache mpaka alipokubali kuchukua githeri kwa Khavere. Wamae alitengeneza meza hata hivyo. Moja ilikuwa na umbo la majeneza yake, na watu walikataa kula juu yake. Korti ile ilikaa miaka kadhaa kwenye benchi lilelile karibu na mfereji, ikabadilisha watu na kazi zao, na mama wa kuku alirudi akapata fidia ya kuku na ya kuchuchumaa.

Khavere alizeekea kwenye chumba cha mwisho. Hekaya yake iliendelea kunenepa: kufikia harusi ya Mmbone, binamu wa Ulaya alikuwa amepanda kutoka ufagio hadi kufungulia majaji mlango, na majaji wenyewe walikuwa wamemwomba Cucu Murugi aende akawavutie kesi moja iliyokwama, ila Murugi akasema baridi ya huko haiwezi.

Na Gatimu naye, kila alipotumwa kuzunguka Majengo kutangaza uchaguzi, wa chama au wa bunge au wa kamati ya mfereji, alikuta akina mama wameshatoka milangoni kumngoja.

"Ni ipi leo, baba Gatimu?" wakamwuliza. "Tuje na sahani?"